Kumlea mtoto mwenye kipaji cha piano Unguja na Pemba: mwongozo kamili kwa mzazi asiyejua kupiga

Mzazi wa visiwani anayegundua kwamba mwanawe ana mkono wa piano huambiwa mambo mawili mapema sana. La kwanza, kwamba piano ni chache na walimu ni wa kutafuta. La pili, kwamba ampeleke mtoto nje maana hapa hakuna wa kumkuza. La kwanza ni kweli, na njia zake zipo. La pili silikubali. Mtoto aliyekulia Kikwajuni, Wete au Makunduchi amekuwa akisikia taarab, kaswida na ngoma tangu yuko mgongoni mwa mamake. Sikio hilo ni mtaji. Masomo ya piano yakiendeshwa vibaya humnyang'anya, na miaka kumi baadaye unapata kijana anayesoma nota vizuri lakini ukimwimbia wimbo wa nyumbani hajui aanzie wapi. Ninachotaka kukuonyesha ni jinsi ya kumpa nota bila kumpotezea sikio.

Hatua ya kwanza: mpime mtoto, usimpime vidole

Watu huona kipaji kwenye kasi. Kasi hufundishwa, na mtoto yeyote mwenye subira huipata. Angalia mambo mengine.

Mwimbie mstari mmoja wa wimbo anaoujua, kisha mwambie autafute kwenye kinanda. Akiupata, mwonyeshe kitufe kingine, mbali kidogo na alipoanzia, umwambie auanzie hapo. Aliyekariri vidole atakwama palepale. Anayesikia ataanza kupapasa vitufe vyeusi, atakosea, atakunja uso na kujirekebisha kabla hujasema neno. Kule kujirekebisha bila kuambiwa ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote.

Halafu pima mapigo. Piga makofi ya mdundo wa kidumbak, aurudie, kisha mwambie aendelee nao huku wewe unaimba juu yake. Mwisho, tazama anachofanya akiwa peke yake. Mtoto anayerudi kwenye kinanda bila kutumwa, akatunga vitu vyake, akajaribu kumtafutia mwimbaji wa redioni sauti ya chini, huyo ana njaa ya jambo lenyewe.

Miaka sita au saba ni umri mzuri wa kuanza masomo rasmi. Kabla ya hapo acha acheze na aimbe. Wa miaka kumi na mbili naye hajachelewa. Ataelewa kwa haraka mambo yanayomchukua mdogo muda mrefu.

Hatua ya pili: maliza mazungumzo ya nyumbani kabla ya kulipa ada

Hili wengi huliruka, kisha masomo yanavunjika katikati kwa sababu ya babu au ami ambaye hakuulizwa. Katika nyumba nyingi za kwetu muziki una maswali ya dini, na maswali hayo yana heshima yake. Usimfundishe mtoto kujificha. Kaa na wakubwa, useme wazi atakachojifunza, atafundishwa na nani na wapi, nani atamsindikiza, atapiga nyimbo za namna gani, na kwamba chuoni kwa Kur-ani hatakosa hata siku moja. Kubalianeni kuhusu nyakati za sala na kuhusu Ramadhani. Mzee akiona mtoto bado anahifadhi juzuu zake na bado anaamka alfajiri, mara nyingi hulegeza. Asipolegeza, angalau mmejua mpaka uko wapi.

Kwa mtoto wa kike ongeza mazungumzo ya usalama, na kwa wa kiume usiyaache. Somo lifanyike mlango ukiwa wazi, au mtu wa nyumbani akiwa ndani. Mwalimu mwema hatachukizwa na sharti hilo. Anayechukizwa, muage.

Hatua ya tatu: chombo, umeme na chumvi

Piano kamili ina vitufe 88. Vinanda vingi vya madukani, hapa na hata Kariakoo, vina vitufe 61 vilivyo vyepesi. Kwa mwaka wa kwanza hicho kinatosha, kwa sharti moja: sauti ifuate nguvu ya kidole. Bonyeza taratibu, isikike ndogo. Bonyeza kwa nguvu, isikike kubwa. Kama zote ni sawa, usikinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mtoto atakayejifunzia hapo atazoea kwamba kidole hakina kazi isipokuwa kuwasha na kuzima.

Akishavuka mwanzo anahitaji vitufe 88 vyenye uzito. Ndani ya piano ya nyuzi kila kitufe huinua nyundo yenye kichwa cha manyoya yaliyoshindiliwa, nayo ndiyo inayogonga waya. Kidole hujifunza kubeba uzito ule. Aliyelelewa kwenye vitufe vyepesi tu, siku akikutana na piano halisi, sauti haimtoki, na wasiojua watasema hana kipaji. Piano za kidijitali kama Yamaha P-45, Roland FP-10 au Casio CDP-S110 zina uzito huo na hazivuki kilo 13, kwa hiyo hata kwenye boti ya Mkoani hubebeka. Hiyo ya Casio hufanya kazi pia kwa betri sita ndogo za kawaida, na kwa visiwani hilo si jambo dogo. Umeme wetu hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 wanakumbuka giza la takriban miezi mitatu. Siku hizi hukatika kwa saa, lakini saa yenyewe inaweza kuwa ile moja aliyopata mtoto baada ya Isha.

Nunua steibilaiza. Umeme ukikatika, chomoa waya wa piano ukutani na usirudishe mpaka taa za nyumba zimetulia, kwa sababu kinachoua vyombo ni ule mshtuko wa kurudi.

Sasa piano ya nyuzi. Mara kwa mara mzazi hupata habari kwamba hoteli inaondoa piano ya zamani, au mgeni anayehama anagawa yake bure. Moyo hudunda. Tulia kwanza. Ndani ya piano mna nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wao kwa jumla ni wa tani nyingi. Mbao na vyuma vilivyoshikilia mzigo huo hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Hewa yetu ya pwani hufika asilimia 80 bila taabu, na wakati wa masika huzidi. Waya hushika kutu, mbao hufura, vitufe hunasa, nondo hula manyoya ya nyundo, na mchwa wakiingia hutaona mpaka kimeshaharibika. Kabla ya kukubali, bonyeza vitufe vyote 88 kimoja kimoja, uangalie vinavyobaki chini. Fungua kifuniko, umulike kwa tochi ya simu: waya wenye kutu nyekundu utakatika ukikazwa. Tazama kama kuna unga wa mbao sakafuni. Kisha uliza ni nani atakayeityuni, kwa sababu piano ya nyuzi hutyuniwa angalau mara mbili kwa mwaka, na kwa hewa yetu ni zaidi. Kama huna jina la fundi na nauli yake, usiichukue. Piano ya nyuzi iliyotoka kwenye tyuni huharibu sikio la mtoto kila siku anayokaa mbele yake, na hilo ni baya kuliko kukosa piano.

Chombo chochote kiwe, kiweke ukuta wa ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kaskazi hubeba chumvi mpaka ndani ya vyumba. Kifunike kwa kanga au shuka ya pamba. Nailoni ifunike safarini tu, kisha uivue, kwa sababu hufungia unyevu ndani.

Kiti nacho ni sehemu ya chombo. Mtoto akiweka vidole kwenye vitufe, kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu kidogo, mabega yashuke. Akiwa mfupi, mwongezee mto imara na umtilie kigoda chini ya miguu. Miguu inayoning'inia humfanya ajishike kwa mabega, na ndiko maumivu ya baadaye yanakoanzia.

Hatua ya nne: mwalimu

Unguja pana pa kuanzia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi hukiita DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kimefundisha vijana wengi wa visiwani ala za taarab pamoja na muziki wa nota. Mwaka 2019 ukosefu wa fedha ulikaribia kukifunga, kwa hiyo mzazi anayelipa ada kwa wakati anasaidia zaidi ya mwanawe. Wapo pia walimu binafsi, wapiga vinanda wa bendi za mahoteli, na wapigaji wa kwaya za makanisani ambao wengi wao husoma nota vizuri.

Kabla ya kukubali, omba ukae somo moja na utazame. Mwalimu unayemtaka humsikiliza mtoto kabla ya kumkatiza. Humpa kazi ndogo inayomalizika kwa wiki. Humfundisha kusoma, lakini katika somo lilelile humwambia afunge kitabu apige kwa kusikia. Anayepiga vidole kwa rula wapo bado. Mtoto wako asikae kwa huyo hata akiwa bingwa wa mji mzima.

Mwulize swali hili: mtoto akija na wimbo aliousikia mwenyewe, utaufanyaje? Ajibuye kwamba atauzuia mpaka mtoto amalize kitabu, mtafutie mwanafunzi mwingine. Ajibuye kwamba wataupiga, kisha watatafuta kodi zake, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kuusindikiza wimbo, umempata.

Pemba kazi ni ngumu zaidi, na njia inayofanya kazi ni mchanganyiko: masomo ya mtandaoni wakati wa skuli, na likizo mtoto avuke Unguja akae kwa jamaa apate mwalimu wa ana kwa ana mfululizo. Kwa somo la mtandaoni, simu isikae mbele ya uso. Iweke ubavuni, juu kidogo, ionyeshe vidole mpaka kiwiko. Mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja, kwa sababu sauti huchelewa njiani. Basi tumieni muda kwa kupiga na kurekebishwa, na siku mtandao ukiwa mzito mtoto ajirekodi, atume kwa WhatsApp, mwalimu ajibu kwa sauti. Nimeona masomo ya namna hii yakienda vizuri kuliko ya video, kwa sababu mtoto hujisikiliza kabla ya kutuma.

Hatua ya tano: mazoezi ya kila siku

Hapa ndipo kipaji hukua au hufa, na hapa ndipo mzazi asiyejua kupiga ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Kwanza muda. Mtoto wa kwetu ana skuli ya zamu, asubuhi au mchana, ana chuoni, ana kazi za nyumbani, na ana haki ya kucheza. Usimwekee saa mbili za kwenye karatasi ambazo hazitatimia. Wa miaka saba dakika 15 hadi 20 zinatosha, kila siku. Wa miaka tisa au kumi, nusu saa mpaka dakika 40. Akifika kumi na mbili na bado ana njaa, saa moja na zaidi, lakini igawe: sehemu asubuhi kabla ya skuli, sehemu usiku baada ya kazi za skuli. Kwa piano ya kidijitali hedifoni humaliza ugomvi wa majirani. Sauti iwe ndogo kiasi cha kukusikia ukimwita kutoka mlangoni.

Sasa namna. Watoto wengi huanza wimbo mwanzo, hupiga mpaka mahali pagumu, hukosea, hurudi mwanzo. Baada ya mwezi mwanzo unang'aa na katikati ni pabovu vilevile. Vunja mwendo huo. Afanye hivi:

1. Achague mahali pamoja palipomshinda, mizani miwili au mitatu tu (mzani ni kipande kidogo cha nota kati ya mistari miwili ya wima).
2. Mkono wa kulia peke yake, polepole sana, mpaka upite mara tatu mfululizo bila kosa. Kisha wa kushoto vivyo hivyo.
3. Aunganishe mikono, polepole kuliko anavyopenda.
4. Aongeze mzani mmoja kabla na mmoja baada, ili kiungo kisikatike.
5. Ndipo awashe metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo, apandishe mwendo kidogo kidogo. Akikosea mara mbili, ashuke.
6. Dakika za mwisho apige anachokipenda, bila kusahihishwa na mtu.

Hiyo ya sita usiifute hata siku ambayo muda ni mdogo. Afadhali ufute ya tano.

Kazi yako ni swali moja la jioni: "Nionyeshe palipokushinda jana." Ukimwambia "nipigie wimbo wote", atakupigia anachokiweza ili umsifu. Ukiomba palipomshinda, umemfundisha kwamba pagumu si pa aibu. Na unaposifu, taja kitu ulichokisikia: kwamba leo mkono wa kushoto ulikuwa mdogo na wimbo ukasikika, au kwamba hakukimbilia mwisho. Neno "hodari" peke yake halimwambii arudie nini.

Mara moja kwa wiki mrekodi kwa simu na uhifadhi. Usimsikilizishe palepale. Baada ya miezi michache msikilizishe ya zamani, atasikia mwenyewe alikotoka.

Ramadhani nyumba nyingi hupunguza au husimamisha muziki. Usiione kuwa ni mwezi uliopotea. Ni wakati wa kusoma nota bila kupiga, kujifunza nadharia, na kufuata nota kwa kidole mezani huku akiisikia kichwani. Wapigaji wazuri hufanya zoezi hilo mwaka mzima, na watoto wengi hawalifikii kwa sababu chombo kiko karibu mno.

Hatua ya sita: mpeleke kwenye taarab

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu katika hizi baada ya kupata mwalimu, fanya hii. Piano ina hatari ya upweke. Mwenye fidla au dumbak hulazimika kutafuta wenzake, mwenye piano anaweza kukaa chumbani miaka na miaka akijitosheleza. Hapa kwetu kuna dawa iliyo tayari. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho watu hukiita Malindi, kipo tangu 1905. Culture Musical Club nayo ipo tangu kabla ya Mapinduzi. Muziki wenyewe umetoka mbali zaidi: Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze, na mwimbaji Siti binti Saad akauingiza Uswahilini na kuurekodi Bombay mwaka 1928. Mtoto wako anajiunga na kitu chenye umri.

Mlango wa mpiga piano kuingia taarab ni akodioni. Upande wake wa kulia una vitufe vilivyopangwa kama vya piano, kwa hiyo mkono wa kulia unajua njia tayari. Kigeni ni mvukuto: sauti hutoka kwa hewa, na mtoto hujifunza kupumzisha na kukuza sauti ndani ya nota moja ndefu, jambo ambalo piano haiwezi kwa sababu sauti yake ikigongwa huanza kufa. Akirudi kwenye piano baada ya akodioni utasikia tofauti. Wimbo wake unaanza kuvuta pumzi.

Kuna fundo moja lazima ulijue, kwa sababu litamchanganya. Makamu ya taarab, yaani ngazi za sauti zilizotoka kwenye muziki wa Kiarabu, si yote yanayokaa kwenye vitufe vya piano. Ajamu, Nahawandi, Kurdi na Hijazi hupigika bila shida. Hijazi ya re, kwa mfano, ni re, mi flati (imeshushwa nusu toni), fa shapu (imepandishwa nusu toni), sol, na mtoto ataitambua mara ya kwanza tu kwa kuwa ameisikia maisha yake yote. Lakini Rasti, Bayati, Sika na Saba zina sauti zilizo katikati ya kitufe na kitufe, robo toni. Ala za nyuzi kama fidla, udi na kanuni huzitoa. Piano haina. Mtoto mwenye sikio atasema "haiko hapa", na yuko sahihi. Usimwambie akubali ya karibu. Mwambie aiimbe kwanza mpaka iwe safi kooni, ajue ni ipi anayoikosa. Baadhi ya vinanda vya umeme vina sehemu ya kubadilisha tyuni ya kila sauti: kwa Rasti ya do, shusha mi na si kwa senti 50, yaani nusu ya nusu toni, na makamu itasimama. Tafuta sehemu hiyo kwenye kitabu cha kinanda kabla ya kununua.

Mpango wenyewe uwe hivi. Kwanza mpeleke kusikiliza mazoezi, si onyesho. Nendeni pamoja, muombe ruhusa kwa wakubwa wa kikundi, mtoto aamkie, akae kimya nyuma. Mazoezini atasikia kosa likirekebishwa, na atagundua kwamba wapigaji wote hufuata wimbo mmoja lakini kila ala huupamba kwa njia yake. Hilo ni tofauti na vitabu vya piano, ambamo mkono mmoja una wimbo na mwingine una kodi. Kisha ajifunze bashrafu moja, kipande cha ala tupu, kwa kusikia, polepole, sehemu kwa sehemu. Bashrafu hufaa kwa sababu haina maneno na ina sehemu inayorudi, kwa hiyo mtoto hupata pa kupumzikia. Baada ya hapo mzee mmoja wa kikundi akikubali kumkalisha ubavuni pake, hilo ni darasa ambalo hutalinunua kwa ada yoyote.

Kuhusu kisomo cha Kur-ani nitasema kwa uangalifu. Kisomo si muziki na hakifananishwi nao, lakini mtoto aliyelelewa kusikiliza wasomaji wazuri ana sikio lililozoea mipando na mishuko ya makamu, na mwalimu wa piano atamshangaa bila kujua sababu. Mwache aendelee kusikiliza.

Hatua ya saba: nota na mitihani

Nota azijue, na azijue vizuri. Anayesoma ana uhuru wa kupiga kitu ambacho hajawahi kukisikia, na milango ya vyuo hufunguka kwa wasomaji. Mtandao wa IMSLP una maelfu ya nota za watunzi wa zamani ambazo haki zake zimekwisha, na programu ya MuseScore ni ya bure: mtoto ataandika bashrafu yake mwenyewe humo na kuisikiliza.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina madaraja ya 1 hadi 8, na kwa mtoto wa visiwani ule mtihani wa onyesho ndio rahisi kuufikia, kwa kuwa hufanywa kwa video. Hupiga vipande vinne mfululizo, bila kukata video katikati, huku mikono na uso vinaonekana. Mtoto wa Chake Chake anaweza kuufanyia nyumbani. Alama ni 150: kufaulu ni 100, daraja la kati 120, la juu 130. Jambo moja huwashtua wazazi: hapandi daraja la 6 mpaka awe amefaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani unaokubaliwa badala yake. Anza nadharia mapema, kidogo kidogo, isije ikamkwamisha akiwa na miaka kumi na nne na kidato kinamwelemea.

Lakini usimfanyishe mtihani kila mwaka. Mtoto anayetoka daraja hadi daraja hupiga vipande vinne kwa mwaka mzima, na mwenye kipaji anahitaji vipande ishirini, thelathini, vingine vyepesi kabisa. Ruka madaraja. La 1, la 3, la 5 yanatosha.

Hatua ya nane: mbele za watu

Baraza ya nyumbani ndiyo jukwaa la kwanza, mbele ya shangazi na majirani, wimbo mmoja, kisha chai. Baadaye hafla ya skuli. Akizoea, onyesho la wanafunzi. Mfundishe mambo matatu tu: kurekebisha kiti kabla ya kugusa kitufe, kuuimba mstari wa kwanza kichwani ili ajue mwendo, na kutosimama akikosea. Nyumbani mfanye apige wimbo wote huku wewe ukiangusha kijiko au ukipiga simu, azoee kuendelea.

Usimtoe kila mgeni anapoingia. Na kuhusu harusi: mtoto mwenye kipaji ataitwa, na fedha itatolewa mapema kuliko ulivyotarajia. Akiwa chini ya miaka kumi na sita mimi ningekataa ya usiku. Ya mchana, kwa nadra, ukiwa naye, sawa, na fedha iwekwe kwa ajili ya chombo chake. Video za mitandaoni ziwe chache na akubali yeye kwanza.

Mpeleke pia kutazama. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, na wanamuziki wa Afrika nzima huja mpaka mlangoni kwetu. Mketi karibu na mpiga kinanda, amtazame mkono wa kushoto.

Hatua ya tisa: mwili

Maumivu ya kifundo au mkono si dalili ya bidii. Akiyataja, asimame siku hiyo, na mwalimu amtazame anavyokaa. Yakirudi, daktari. Kucha fupi, usingizi kamili, na apumzike dakika chache kila baada ya nusu saa.

Hatua ya kumi: akifika kidato cha tatu

Hapo swali la maisha huja. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha sanaa ngazi ya stashahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yenye masomo ya muziki, na Tumaini Makumira kule Arusha kina shahada ya muziki. Masomo ya skuli asiyaache. Vyuo hivyo huangalia vyeti vya kidato pamoja na mkono, na hisabati au Kiingereza kibovu kimewafungia mlango vijana ambao wangepiga kuliko wengi walioingia. Ufundishaji, kurekodi sauti, kuongoza kwaya, kutunga muziki wa filamu, zote ni kazi, na mpiga piano huziingia kwa urahisi kwa kuwa anaona sauti zote mbele yake.

Tangu sasa mwandalie faili la maombi. Vyuo vingi vya nje huomba video kabla ya kumwita kijana. Rekodi vipande viwili au vitatu kila mwaka: kimoja cha nota, kimoja cha taarab, kimoja alichotunga mwenyewe. Simu iwe juu ya kiti imara, ubavuni, vitufe vyote vionekane, feni izimwe, madirisha yafungwe. Atamke jina lake na jina la kipande, apige mpaka mwisho bila kukata. Andika tarehe, na uhifadhi nakala mahali pawili, moja nje ya simu.